Upande wa Mama

Binti yangu aliileta ile picha dukani ikiwa imefungwa kwa shuka la kitanda chetu, tena lile zuri la wageni, na mama yake hajui mpaka leo. Waliibeba yeye na mtu wa mkokoteni, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaiingiza kwa ubavu, maana mlango wa duka langu ulijengwa na mtu aliyeamini kwamba humu havitapita ila viatu. Wakaiegemeza ukutani kati ya rafu ya visigino na cherehani. Mtu wa mkokoteni akajipangusa jasho akaenda zake.

"Fumba macho, Baba."

"Nina kiatu mkononi."

"Kiweke chini ufumbe macho. Jamani, mtu mzima anabembelezwa!"

Nikafumba. Nikasikia shuka likivutwa. Nilipofumbua nilijiona mwenyewe nimekaa mbele yangu.

Ulikuwa ubao wa plaiwudi, mrefu karibu sawa na mlango, na aliupaka rangi ukafanana na zile kadi zilizokuwa zinatoka ndani ya paketi za chingamu zamani. Pembeni ukingo mwekundu, juu kwenye kona nyota ya njano na namba. Katikati nimekaa mimi kwenye kigoda changu, miwani imeteremka puani, misumari imejaa mdomoni, uso umekunjwa kama nadaiwa. Chini yake, kwa herufi nene za kitoto, aliandika: FUNDI. NGUVU: 8. MBIO: 2. HASIRA: 10.

"Mbio mbili?" nikauliza.

"Nimekuonea huruma. Mama alisema nikuandikie moja."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, kwa sababu nilikuwa bado sijaitazama ile aproni. Mimi huvaa aproni ya ngozi nikiwa kazini, na kwenye picha hakuipaka rangi hata kidogo. Aliitengeneza kwa kadi zenyewe, kadi zangu, zimepangwa moja ikilalia nyingine kama vigae vya paa. Niliwatambua wote. Yule mwanamieleka wa kinyago cha njano alikuwa pale, na kipa asiye na jino, na dereva wa magari ya mashindano mwenye kofia ya bluu. Wote walikuwa wananitazama, na migongo yao imegandishwa kwenye ubao.

Nikaacha kucheka.

Lazima nieleze habari za kadi hizi, maana ukisikia baba mzima na mvi zake amepata baridi ya mwili kwa ajili ya vikaratasi vya chingamu, utasema ameanza kuchanganyikiwa. Tulipokuwa wadogo kila paketi ilikuwa na kadi moja. Mbele kuna picha ya mtu na chini yake namba: nguvu zake, mbio zake, ujanja wake. Mnakaa wawili, kila mmoja ameshika kadi yake, mmoja anataja kitu. Akisema nguvu, mnalinganisha, na mwenye namba kubwa anachukua kadi ya mwenzake. Mtaani kwetu watoto walipigana, wakanuniana, wakapatana, wote kwa ajili ya kadi. Nyuma hazikuwa na kitu. Mwenye kiwanda alikuwa mchoyo wa wino.

Sasa mimi nilikuwa na kaka, na kaka yangu alikuwa hawezi kuona mahali patupu akapaacha. Walimwita Penseli kwa sababu ilikaa sikioni kwake saa zote, hata akienda kuoga. Kila kadi tuliyoipata, yeye aliigeuza na kumchora Mama. Mama anapiga pasi. Mama amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Mama anamkimbiza yeye Kaka na kandambili mkononi. Na chini akaandika namba kama zile za mbele, ila yeye hakuwa na mpaka: Mama Anayenusa Uongo, nguvu mia. Mama Akisikia Sufuria Inaungua, mbio elfu. Tukishindwa kwa upande wa mbele, Kaka aliigeuza kadi akapaza sauti, "Upande wa Mama!" na kudai ushindi.

Watoto wa mtaani hawakukubali, na kusema kweli walikuwa na haki. Hakuna mwanamieleka wa namba kumi atakayemweza mama wa namba elfu. Wakatugomea. Wakasema kadi zetu zimechafuliwa na hakuna atakayezipokea hata bure. Ikabidi tucheze wawili tu, mimi na Kaka, mshindi akichukua kadi leo anairudisha kesho. Ndiyo maana za wenzetu zilipotawanyika na kupotea, zetu zilibaki zote kwenye kopo la maziwa.

Mama alifariki nikiwa bado sijamaliza kubadilisha meno. Maishani mwake alipigwa picha moja tu, ile ya kitambulisho, na ndugu walipokwenda kuandikisha kifo waliambiwa waache kitambulisho ofisini. Wakakiacha. Kaka akakua, akawa dereva wa malori, akaugua kifua, naye akatangulia. Kopo akaniachia mimi. Kwa hiyo duniani kote uso wa mama yangu ulikuwa mahali pamoja tu, mgongoni mwa wanamieleka na makipa, na aliyebaki wa kumjua ukimwonyesha nilikuwa mimi peke yangu.

Sikumwonyesha mtu. Nani atamwambia mke wake kuwa analia na vikadi? Asubuhi nyingine moyo ukiwa mzito nilifungua duka mapema, nikalitoa kopo chini ya benchi, nikazigeuza moja moja, nikazirudisha. Nyumbani liliitwa kopo la utoto la Baba, basi. Binti yangu aliponiomba, "Baba, kadi zako naweza kuzitumia kwenye kazi yangu ya chuo?" nilimwambia chukua. Nilidhani anataka kuzitazama, aige rangi zake, arudishe. Nilidhani pia atazigeuza na kuja kuniuliza, na nilikuwa nimeshapanga nitakavyomjibu. Nilipanga kumsimulia habari za bibi yake kutwa nzima, na wateja wasubiri.

"Unaiangalia aproni," akasema. Alikuwa amesimama kando yangu, anajiuma kidole. "Hapo ndipo penyewe, Baba. Mwalimu alituambia tufanye kitu kuhusu mtu tunayemheshimu. Nikawaza, huyu alipokuwa mtoto alipenda kitu kimoja, na kitu hicho bado anakivaa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umependa?"

"Nimependa," nikasema, na sikudanganya. Hiyo ndiyo iliyoniua. Mtoto wangu alikuwa amenifanyia kile kile ambacho Kaka alimfanyia Mama, na hakuna aliyemfundisha. "Umezibandika kwa gundi gani?"

"Gundi yako. Ile ya kopo jekundu." Akanishangaa. "Ulitaka nibandike kwa uji?"

Ningetaka uji. Ningetaka uji kuliko kitu chochote. Mtoto wa mtu mwingine angetumia gundi nyepesi ya shule, ile unayoilowesha kwa maji inaachia. Wangu amekulia chini ya benchi la fundi viatu, na kwake kitu kilichobandikwa ni kile ambacho mtu anaweza kukikanyaga mwaka mzima juu ya mawe.

Akaniambia nimwekee ndoano mbili nyuma ya ubao, kesho yake unapelekwa kwenye ukumbi wa maonyesho. Yeye anakwenda chuoni mara moja kuchukua karatasi ya maelezo. Akanibusu kichwani, mahali nywele zilipohama, akatoka.

Nilibaki na yule mzee wa plaiwudi. Tulitazamana. Gundi ya kopo jekundu naijua tabia yake. Haiogopi maji wala jua, lakini petroli inaiweza, ukiwa na subira. Kwa hiyo nilijua kwamba kadi zinatoka. Nilichokuwa sijui ni kama nina ubavu wa kuharibu kazi ya mtoto aliyekesha nayo, anayeingia chumbani kwake na rangi kwenye nyusi, anayemwambia kila mteja wangu kuwa yeye ni msanii. Nikatembea dukani, hatua mbili huko, mbili huku, ndiyo ukubwa wake. Nikajiambia sizitaki zote. Nataka moja. Mama mmoja ananitosha.

Nikachagua ya chini kabisa kwenye pindo la aproni, yule dereva wa kofia ya bluu, kwa sababu nilijua nyuma yake yuko nani. Nyuma yake Mama alikuwa anacheka, mkono umefunika mdomo, kwa kuwa alikuwa na pengo na hakupenda lionekane. Nilipanga kukata karatasi ya kipimo kile kile, nimpake dereva mwingine, nimbandike mahali pake. Nani angejua? Nikafunga mlango kwa komeo.

Nilichovya pamba kwenye petroli, nikaikamua kwenye kona ya kadi tone kwa tone. Nikasubiri. Nikapenyeza kisu changu chembamba cha kupunguzia soli, unywele mmoja, nikakitoa, nikaongeza tone. Nimebandua soli za viatu vya maharusi na vya wanajeshi, sijawahi kwenda polepole vile. Nilijisikia naongea: "Njoo, Mama. Taratibu. Usiogope." Kona ikainuka. Kisha nusu. Kisha kadi yote ikaniangukia kiganjani, imelowa, nikaigeuza.

Hakukuwa na kitu.

Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nilidhani ni petroli imeifuta, lakini petroli haifuti penseli. Nilipotazama vizuri nikaona karatasi imechunika, imefanya manyoyamanyoya, na manyoya yote yamelala kwa mizunguko midogo midogo. Ilikuwa imepigwa msasa. Na haikupigwa ovyo. Mizunguko ilikuwa sawasawa, imefika mpaka ukingoni pande zote nne, hakuna kona iliyorukwa.

Naujua mkono huo kwa sababu ni wa kwangu. Binti yangu alipokuwa mdogo alikaa hapa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikampa soli chakavu za kuchezea, nikamwambia gundi haishiki mahali palipolainika, piga msasa kwanza mpaka paote manyoya, na ile kona utakayoiruka ndiyo itakayoachia. Mara ngapi nimemrudishia soli mikononi! Rudia, umeruka kona. Rudia tena. Alikuwa ananuna, analia, anarudia. Mke wangu alisema namtesa mtoto. Nikamjibu namfundisha kazi.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye benchi, nikalia. Sitapamba maneno. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, na nje kulikuwa na mteja anagonga, anaita, "Fundi, kiatu changu!" na mimi nikamwambia kutoka ndani kwamba kiatu chake hakijaisha na hakitaisha leo. Akaondoka akinitukana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na wa kumlaumu. Nimezoea kukasirika, nimepewa kumi nzima kwa kazi hiyo, na nilipokuwa naihitaji hasira haikuja. Mama alikuwa amekufa mara ya pili na hakuna mtu aliyekosea.

Binti yangu alinikuta nimeshanawa uso na kufungua komeo, lakini kadi bado ninayo mkononi. Aliiona kabla hajaniona mimi.

"Baba! Imebanduka?" Akakimbilia ubao, akapapasa aproni yote kwa viganja. "Haiwezekani! Nilipiga msasa zote! Mbele ya ubao na nyuma ya kadi, kona kwa kona!"

"Nimeona."

"Sasa mbona imetoka?"

"Nimeibandua mimi, kwa petroli. Fundi hukagua kazi ya mwanafunzi wake."

Akageuka. Uso wake ukarudi kuwa ule wa kwenye ndoo, wa mtu anayesubiri kuambiwa rudia. "Na?"

Kulikuwa na mengi mdomoni mwangu. Nikayameza. "Hukuruka kona hata moja," nikamwambia.

Alirukaruka humo ndani mpaka viatu vya watu vikaanguka kutoka kwenye rafu. Alinikumbatia shingo, akasema hajawahi kusifiwa na mimi tangu azaliwe, jambo ambalo si kweli, nilishamsifu mara moja kwa kushona gidamu ya kiatu.

Alipotulia nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Kadi hizi nyuma zilikuwa na nini?"

"Nyuma? Vichorochoro vya penseli, vya kitoto. Vilikuwa vimefifia. Ulikuwa unachora, kumbe?"

"Alikuwa baba yako mkubwa."

"Baba Mkubwa Penseli! Alikuwa anachora nini?"

Hapo ndipo ningemwambia. Ningemwambia, angeing'oa ile picha yote kwa kucha, usiku uleule, akakuta manyoya nyuma ya kila kadi. Kisha angebeba jambo hili maisha yake yote, kila akishika brashi, kila akishika msasa. Mimi nimeshalia. Tulie wawili ili iweje?

"Vitu vya watoto," nikasema. Kisha wazo likanijia, nikalishika kwa mikono miwili. "Kabla hujazibandika, ulizipiga picha?"

"Zote! Mwalimu anataka aone kazi tangu mwanzo."

Nikamwambia anionyeshe. Akatoa simu, akasimama begani kwangu, akaanza kusukuma kwa kidole gumba. Mwanamieleka wa kinyago. Kipa. Dereva. Mwanamieleka mwingine. Zimenyooka, zimeng'aa, kila moja juu ya kitambaa cheusi. Nilisubiri aingie kwenye migongo. Kipa mwingine, dereva mwingine, kisha ikaja picha ya rafiki yake anakula aiskrimu.

"Na za nyuma?" nikauliza.

"Nyuma nipige za nini, Baba?"

Nikasema ni kweli. Nikarudi kwenye kigoda nikashika kiatu cha yule aliyenitukana, nikapiga msumari, nikaupinda, nikaung'oa. Niliogopa. Kadi zile nimezitazama miaka yote hiyo, na nilipojaribu kumwona Mama kichwani niliona penseli tu, mistari, bila kujua inaishia wapi. Nikawaza kwamba kesho nitakuwa nimesahau zaidi.

"Nichoree mama yangu," nikamwambia.

"Bibi? Simjui hata kwa picha."

"Mimi nitasema, wewe uchore."

Akafurahi. Akavuta ndoo, akachukua kipande cha kadibodi nilichokikata cha kuwekea ndani ya kiatu, akachonga penseli kwa kisu changu. "Haya. Uso wake ulikuwaje? Mviringo au mrefu?"

"Wa kawaida."

"Baba, hakuna uso wa kawaida. Pua?"

"Alikuwa anavuta pumzi kwa pua kabla hajatukaripia. Ukisikia hivyo unakimbia."

"Lakini ilikuwa nene? Nyembamba?"

Nikafikiri. Nikafikiri kwa kweli, mpaka kichwa kikauma. "Chora tu pua," nikasema.

"Macho?"

"Yalikuwa yanakuona hata akikupa mgongo."

Akacheka, akaendelea kuchora. Aliniuliza kuhusu nyusi, nikamwambia jinsi Mama alivyopiga pasi. Aliniuliza kuhusu kidevu, nikamwambia alivyokuwa anaimba vibaya akifua. Kila alipotaka uso, mimi nilikuwa na sauti, na mikono, na harufu ya sabuni ya mche. Nikamwambia kuhusu pengo, na mkono juu ya mdomo. Hilo lilikuwa la hakika, na alilichora. Alichora muda mrefu, ulimi nje, anafuta kwa kidole, anainamisha kichwa. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Nilianza kuamini kwamba damu inajua njia, kwamba mkono wa Kaka uko mahali fulani ndani ya mkono ule na utamleta.

Akapuliza unga wa penseli, akanigeuzia kadibodi.

Alikuwa mwanamke mzuri. Alikuwa na macho ya mke wangu na paji la uso la binti yangu mwenyewe, amezeeshwa kidogo, anacheka na mkono juu ya mdomo. Nilimtafuta Mama humo kila mahali. Nilitafuta hata kwenye nywele. Sikumjua mtu yule.

"Ndiye?" akaniuliza.

Alikuwa ameshaanza kulengwa na machozi, kwa ajili ya bibi yake, kwa kuwa mwishowe wameonana.

"Ndiye," nikasema.

Akaja akalia kifuani kwangu, na mimi nikamshika, kadibodi iko katikati yetu. Nikafumba macho nimtafute Mama, yule wa Kaka. Akaja huyu wa kadibodi.